Ripoti ndani ya ripoti: Mbinu ya hifadhidata inayoweza kuokoa nyumba ya Mji wa Kale

NYUMBA moja ya mawe katika Mji wa Kale wa Mombasa huwa na mambo mengi ya kuandikwa. Ina milango yake ya nakshi na roshani zake. Ina wamiliki, na wamiliki hao wana warithi. Imekaguliwa mara kadhaa katika miaka tofauti, na imefanyiwa matengenezo, mengine kwa ustadi na mengine ovyo. Anayetaka kuyachapisha haya yote katika karatasi moja kwa kutumia tarakilishi hukabiliwa na tatizo ambalo programu za kawaida za kuandikia haziwezi kulitatua: vitu vingi vya aina mbalimbali vitaorodheshwaje chini ya kitu kimoja bila ya kuchanganyika, kurudiwa au kupotea?

Jibu ambalo wataalamu wa hifadhidata wamelitumia kwa muda mrefu ni kupachika ripoti moja ndani ya ripoti nyingine. Makala haya yanaeleza mbinu hiyo ni nini, inafanyaje kazi, na ni makosa gani yanayoweza kuifanya karatasi safi iseme uongo. Mfano unaotumika ni daftari la nyumba za Mji wa Kale. Si daftari la ofisi yoyote, na nyumba na gharama zitakazotajwa ni za kielelezo tu. Mitaa, sheria na tabia za programu zinazotajwa ni za kweli.

Kwa nini Mji wa Kale

Mji wa Kale uko upande wa mashariki wa Kisiwa cha Mombasa, ukitazama mkondo wa bahari unaoingia katika Bandari ya Kale. Upande mmoja umelindwa na Ngome ya Yesu, maarufu Fort Jesus, ambayo Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596 na ambayo UNESCO iliitia katika orodha ya Turathi za Dunia mnamo 2011. Kutoka hapo mtu akifuata Barabara ya Mbarak Hinawy huupita Msikiti wa Mandhry, ambao asili yake inahesabiwa kuwa ni ya karne ya 16, kisha huingia katika vichochoro ambavyo nyumba zake zimeshikana ukuta kwa ukuta.

Kushikana huko ndiko kunakoufanya utunzaji wa kumbukumbu kuwa jambo zito. Nyumba nyingi za zamani zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyounganishwa kwa chokaa, na dari zake zimebebwa na boriti za mikoko. Maji ya mvua ya masika yakipenya paa lililotoboka, boriti huanza kuoza pale zinapoingia ukutani, mahali ambapo jicho halifiki. Fundi akipiga lipu ya saruji juu ya ukuta wa chokaa, unyevu na chumvi hufungiwa ndani na ukuta huendelea kulika taratibu. Nyumba ikiporomoka, aghalabu jirani naye huguswa.

Mji huu ulitangazwa kuwa eneo la kuhifadhiwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, na hivi leo Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Turathi ya 2006 ndiyo inayotoa msingi wa ulinzi wa maeneo ya aina hiyo nchini. Lakini hata sheria iwe kali vipi, anayeamua ni nyumba gani itengenezwe kwanza huamua kwa kutazama karatasi iliyo mezani mwake. Karatasi hiyo ikikosea, uamuzi nao hukosea.

Majedwali kabla ya ripoti

Hifadhidata ya mezani, kama vile Microsoft Access iliyoanza kuuzwa mwaka 1992, haihifadhi habari katika karatasi moja ndefu. Huzihifadhi katika majedwali. Kila jedwali lina kitu cha aina moja tu. Kila mstari wa jedwali huitwa rekodi, na kila safu huitwa uga.

Kwa daftari la Mji wa Kale, majedwali manne yanatosha kuanzia. La kwanza ni NYUMBA, lenye nambari ya nyumba, mtaa, idadi ya ghorofa na matumizi yake. La pili ni MILANGO, lenye aina ya nakshi, aina ya mbao na hali ya kila mlango. La tatu ni UKAGUZI, lenye tarehe, hali ya ukuta, hali ya boriti na hali ya paa. La nne ni MATENGENEZO, lenye tarehe, kazi iliyofanywa na gharama.

Jedwali la NYUMBA ndilo mama. Mengine matatu ni wana. Kinachowafunga wana kwa mama ni nambari ya nyumba, ambayo huitwa ufunguo. Katika jedwali la NYUMBA nambari hiyo hutokea mara moja tu. Katika majedwali ya wana inaweza kutokea mara nyingi, mara moja, au isitokee kabisa. Nyumba moja inaweza kuwa na milango miwili, matengenezo matatu na isiwe imekaguliwa hata siku moja. Uhusiano huu wa mmoja kwa wengi ndio chimbuko la suala zima.

Uteuzi wa ufunguo unahitaji busara, hasa Mombasa. Wengi hukimbilia nambari ya kiwanja kama ilivyo katika hati ya ardhi. Kisiwani humu, hata hivyo, kuna desturi ya miaka mingi ya mtu mmoja kumiliki ardhi na mwingine kumiliki nyumba iliyo juu yake. Isitoshe, kiwanja kimoja kinaweza kubeba nyumba zaidi ya moja. Kwa sababu hiyo ni heri daftari liwe na nambari yake lenyewe ya nyumba, na nambari ya kiwanja iwe uga wa kawaida.

Hasara ya kuunganisha kila kitu

Anayeanza kujifunza huwaza hivi: mbona nisiyaunganishe majedwali yote kwa swali moja, kisha nichapishe matokeo? Hapa ndipo mambo huharibika, na huharibika kwa njia mbili.

Ya kwanza ni kuzidishana. Tuseme nyumba A ina milango 2 na imefanyiwa matengenezo 3, yaliyogharimu Sh40,000, Sh25,000 na Sh60,000. Jumla yake halisi ni Sh125,000. Tarakilishi ikiunganisha NYUMBA, MILANGO na MATENGENEZO katika swali moja, itaoanisha kila mlango na kila tengenezo, kwa kuwa haijui kwamba viwili hivyo havihusiani. Mistari itakuwa 6 badala ya 3. Kila gharama itatokea mara mbili, na jumla itasomeka Sh250,000. Ikiongezwa nyumba yenye milango mitano, gharama zake zitazidishwa mara tano. Mtu anayetazama jumla ya mtaa mzima hawezi kuligundua kosa kwa macho.

Ya pili ni kupotea. Muungano wa kawaida wa majedwali huonyesha tu rekodi zilizo na mwenzake kila upande. Nyumba ambayo haijawahi kukaguliwa haina rekodi katika UKAGUZI, kwa hiyo huondolewa katika orodha bila ya onyo lolote. Hili ndilo kosa la hatari zaidi. Nyumba iliyopuuzwa kwa miaka mingi ndiyo inayopaswa kuwa ya kwanza katika orodha ya mkaguzi, na kwa mtindo huu ndiyo isiyoonekana kabisa. Upo muungano wa aina nyingine unaohifadhi rekodi zote za upande wa mama hata zikikosa mwenza, na huo huponya tatizo la kupotea. Hauponyi lile la kuzidishana.

Ripoti mama na ripoti mwana

Mbinu ya kupachika huyaepuka yote mawili kwa kutoyaunganisha majedwali ya wana. Kila jedwali la mwana hutengenezewa ripoti yake fupi inayojitegemea: moja ya milango, moja ya ukaguzi, moja ya matengenezo. Kisha hutengenezwa ripoti ya nyumba, ambayo chanzo chake ni jedwali la NYUMBA peke yake. Ripoti zile tatu hupachikwa ndani ya hii moja. Ripoti ya nyumba huitwa ripoti mama, na zile za ndani huitwa ripoti mwana.

Tarakilishi inapochapisha ripoti mama, huichukua nyumba ya kwanza, huandika mtaa na ghorofa zake, kisha husimama mahali palipopachikwa ripoti mwana. Hapo huiuliza ripoti mwana swali moja: una rekodi gani zenye nambari hii ya nyumba? Rekodi hizo huchapishwa, hata ziwe ngapi. Kazi hurudi kwa mama, ambaye huendelea na ripoti mwana ya pili, kisha ya tatu, ndipo huja nyumba inayofuata. Milango haikutani na matengenezo mahali popote, basi haizidishani. Nyumba isiyokaguliwa nayo huchapishwa kama nyingine, kwa sababu orodha inaongozwa na mama, si na wana.

Dhana hii si ngeni kwa watunza kumbukumbu wa Mombasa. Mfano mzuri ni manowari ya Kireno ya Santo António de Tanna, iliyozama mbele ya Fort Jesus mwaka 1697 wakati Waomani walipokuwa wameizingira ngome. Wanaakiolojia walioichimbua chini ya maji kati ya 1977 na 1980 walipata maelfu ya vitu. Kazi ya namna hiyo haiwezi kuandikwa katika orodha moja bapa. Kuna msimu wa uchimbuzi, ndani ya msimu kuna sehemu ya chombo, ndani ya sehemu kuna kitu kilichopatikana, na kila kitu kina hatua zake za kuhifadhiwa ili kisiharibike kinapotoka majini. Vitu hutaja sehemu, na sehemu hutaja msimu. Tarakilishi haikuuvumbua utaratibu huo. Imeurahisisha tu.

Hatua za kupachika

Katika Access, kazi yenyewe ni fupi ikiwa majedwali yamepangwa vizuri. Majina ya amri yametolewa hapa kama yanavyosomeka kwenye kioo.

Kwanza, mahusiano ya majedwali yatangazwe rasmi katika dirisha la Relationships, kwa kuvuta nambari ya nyumba kutoka jedwali la mama hadi kwa kila mwana.

Pili, itengenezwe ripoti mwana na ihifadhiwe kwa jina linaloeleweka. Iwe nyembamba kuliko ripoti mama, kwani itakaa ndani yake.

Tatu, ripoti mama ifunguliwe katika hali ya Design View. Ripoti mwana ivutwe kwa puku kutoka katika orodha ya vitu vya hifadhidata na kuangushwa katika sehemu ya Detail. Kisanduku kitatokea mahali hapo.

Nne, na hii ndiyo hatua inayobeba kila kitu, zitazamwe sifa mbili za kisanduku hicho: Link Master Fields na Link Child Fields. Ya kwanza hutaja uga wa mama, ya pili hutaja uga wa mwana. Zote mbili zinapaswa kutaja nambari ya nyumba. Ikiwa mahusiano yalitangazwa katika hatua ya kwanza, kwa kawaida Access huzijaza yenyewe. Hata hivyo zinahitaji kukaguliwa kwa jicho la mwanadamu. Uga huo si lazima uonekane kwenye karatasi, lakini ni lazima uwemo katika chanzo cha data cha kila ripoti, na uwe wa aina moja kotekote. Nambari iliyohifadhiwa kama maandishi upande mmoja haitakutana na nambari iliyohifadhiwa kama tarakimu upande wa pili.

Tano, sifa ya Can Grow ya kisanduku iwekwe Yes, ili kirefuke kadiri rekodi zinavyoongezeka. Ikiwa No, kisanduku hubaki na kimo kilichochorwa, na rekodi zisizotosha hukatwa. Nyumba yenye ukaguzi wa mara tano huenda ikaonyesha mara mbili tu, na huenda ule wa mwisho, uliosema boriti zimeoza, ndio uliokatwa. Sifa ya Can Shrink nayo ikiwekwa Yes, nafasi tupu hupunguzwa pale ambapo mwana hana la kusema.

Karatasi inapodanganya

Makosa mengi ya mbinu hii hutokana na kiungo. Sifa zile mbili zikiachwa tupu, kila nyumba itachapishiwa ukaguzi wa Mji wa Kale wote. Kosa hilo hujitangaza lenyewe, kwa kuwa ripoti ya kurasa 20 hugeuka kuwa ya mamia.

Kosa baya ni lile linalofanana na ukweli. Mtu akikosea akaunganisha kwa uga wa mtaa badala ya nambari ya nyumba, kila nyumba ya Ndia Kuu itaonyesha nyufa za nyumba zote za Ndia Kuu. Karatasi itakuwa nadhifu na idadi ya mistari haitashangaza sana. Mwenye nyumba iliyo salama anaweza kuandikiwa notisi ya kuhama, na iliyo karibu kuanguka ikaonekana kuwa haina tofauti na jirani zake.

Kosa la pili ni ukimya. Ripoti mwana isiyo na rekodi haichapishi chochote. Msomaji akiona nafasi tupu hawezi kujua kama nyumba ilikaguliwa ikaonekana haina kasoro, au haikukaguliwa kabisa. Tofauti ya mambo hayo mawili ni kubwa. Dawa yake ni sifa ya HasData, ambayo humwambia mama kama mwana ana rekodi. Kwa kuitumia, mama anaweza kuagizwa kuandika kwa herufi nzito maneno kama "HAIJAKAGULIWA" kila inapotokea mwana hana kitu.

HasData ina kazi nyingine pia. Mama akitaka kuichukua jumla ya gharama kutoka kwa mwana asiye na rekodi, mahali pa tarakimu huandikwa alama ya hitilafu, #Error. Kanuni ya kuzuia hilo husema: ikiwa ripoti ya matengenezo ina data, chukua jumla yake, la sivyo andika sufuri. Katika Access huandikwa hivi:

=IIf([RptMatengenezo].[Report].[HasData], [RptMatengenezo].[Report]![Jumla], 0)

Jina la kwanza ni la kisanduku kilicho ndani ya mama, si lazima liwe jina la ripoti yenyewe. Wengi hukwama hapo kwa saa nzima kwa sababu majina hayo mawili yanapofanana huonekana kuwa kitu kimoja, na yanapotofautiana hakuna anayewaambia.

Jumla ya nyumba zote ina mtego wake. Amri ya kujumlisha, Sum, hujumlisha nyuga za chanzo cha data, wala haiwezi kujumlisha kisanduku kilichokokotolewa juu ya karatasi. Njia inayokubalika ni kuweka katika sehemu ya Detail kisanduku chenye kanuni iliyotajwa hapo juu, kukificha, kisha kuiweka sifa yake ya Running Sum iwe Over All. Kisanduku hicho kitakusanya gharama nyumba baada ya nyumba, na mwisho wa ripoti kisanduku kingine kitaisoma tarakimu iliyofikiwa.

Vichwa, karatasi na mwendo

Kuna tabia tatu za ripoti zilizopachikwa ambazo huwashangaza wageni.

Kichwa cha ukurasa cha ripoti mwana hakichapishwi inapokuwa ndani ya mama, wala tanbihi ya chini ya ukurasa wake. Ripoti iliyoonekana kamili ilipofunguliwa peke yake hupoteza majina ya safu zake mara inapopachikwa. Majina hayo yawekwe katika kichwa cha ripoti, kile kinachochapishwa mara moja mwanzoni. Rekodi zikiwa nyingi hadi kuvuka ukurasa, ni bora kutumia kichwa cha kundi na kuiweka sifa yake ya Repeat Section iwe Yes, ndipo majina yatakaporudiwa juu ya ukurasa unaofuata.

Upana nao ni chanzo cha kurasa tupu. Karatasi ya A4 ina upana wa sentimita 21. Ikiwa pambizo ni sentimita 2.5 kila upande, zinabaki sentimita 16 za kuandikia. Ripoti yenye upana wa sentimita 17 itamwagikia ukurasa wa pili, ambao aghalabu hutoka mweupe. Mtu hulaumu printa, na printa haina kosa.

Kuhusu mwendo, ni vyema kukumbuka kwamba ripoti mwana huuliza data yake upya kwa kila rekodi ya mama. Nyumba zikiwa 300 na wana wakiwa 3, maswali yanaweza kufikia 900. Kwa hifadhidata ndogo hilo si neno. Uga wa kiungo ukiwekewa faharasa katika majedwali ya wana, tofauti ya kasi huonekana wazi.

Wajukuu na mipaka yao

Ripoti mwana inaweza kuwa na mwanawe. Mji wa Kale unatoa mfano ulio wazi: nyumba ina wamiliki, na mmiliki aliyefariki ana warithi ambao kila mmoja ana fungu lake kwa mujibu wa sheria ya mirathi ya Kiislamu. Nyingine ni za wakfu, na hizo zina utaratibu wake wa usimamizi. Ripoti ya nyumba itabeba ripoti ya wamiliki, nayo itabeba ripoti ya warithi. Access huruhusu ngazi zisizozidi saba za kupachikana namna hii. Crystal Reports, programu nyingine iliyoenea sana maofisini, huruhusu ripoti ndogo ndani ya kubwa lakini hairuhusu ripoti ndogo kuwa na nyingine ndani yake.

Kuruhusiwa kwa ngazi saba hakumaanishi kwamba zinafaa. Ripoti yenye ngazi zaidi ya mbili au tatu huwa ngumu kusomeka, na kila ngazi huongeza kiungo kimoja kinachoweza kukosewa. Liko pia suala la siri. Fundi anayehitaji kujua hali ya boriti hahitaji kuyajua majina ya warithi na mafungu yao. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka habari za watu binafsi zitumike kwa kusudi lililokusanyiwa tu. Uzuri wa mbinu hii ni kwamba ripoti mwana ya wamiliki inaweza kuondolewa katika nakala ya fundi bila ya kuivuruga sehemu nyingine yoyote.

Ripoti mwana ile ile inaweza pia kupachikwa kwa mama zaidi ya mmoja. Ile ya ukaguzi itumikayo katika ripoti ya nyumba moja moja inaweza kuingizwa katika ripoti ya mtaa mzima. Ikirekebishwa mara moja, hurekebika kotekote. Inawezekana hata mama asiwe na data yake kabisa, akawa fremu tupu inayokusanya ripoti tatu zisizohusiana katika ukurasa mmoja, kwa mfano muhtasari wa mwaka. Hapo kiungo huachwa kitupu kwa makusudi.

Si kila kazi inayohitaji kupachika. Pakiwa na mwana mmoja tu, mathalani nyumba na ukaguzi wake pekee, ripoti ya kawaida iliyopangwa kwa makundi hutosha, tena huenda haraka zaidi. Lakini hata hapo muungano uwe ule unaohifadhi rekodi zote za mama. Na anayetaka kuipeleka ripoti kwa wengine aihifadhi kama PDF. Akiipeleka katika Excel, ripoti zilizopachikwa huachwa nyuma na mama husafiri peke yake.

Nyumba tatu za majaribio

Kabla ya kuiamini ripoti ya namna hii, mtengenezaji anaweza kuipima kwa nyumba tatu tu. Ya kwanza isiwe na mlango wa nakshi, ukaguzi wala tengenezo lolote. Ya pili iwe na kimoja cha kila aina. Ya tatu iwe na vingi kiasi cha kuvuka ukurasa. Hesabu yake ifanywe kwanza kwa mkono, kwa kalamu na karatasi, ndipo ilinganishwe na iliyotoka kwenye printa.

Nyumba ya kwanza ikionekana na ikaandikwa kwamba haijakaguliwa, mama anawaongoza wana sawasawa. Ya pili ikionyesha kimoja kimoja na si zaidi, viungo ni sahihi. Ya tatu ikitoa jumla iliyo sawa na ya mkono, na majina ya safu yakirudi juu ya ukurasa wa pili, ripoti iko tayari kwenda mezani kwa mwenye kuamua.

Kazi hiyo haichukui zaidi ya nusu saa. Ukuta wa chokaa ulionyonya maji ya masika kadhaa hautoi taarifa siku unapoamua kulala, na mlango wa nakshi ukishang'olewa ukasafirishwa haurudi katika fremu yake. Kinachoweza kuwahi kabla ya hapo ni mkaguzi aliyepewa orodha isiyoacha nyumba hata moja.